Ombi la Kuzikwa Nisielee

Babati,
9 Septemba 1984

Ndugu Tadeo,
Katibu wa Kamati ya Makaburi,
Babati Mjini.

YAH: KUKATAA KUZIKWA MCHANGANI

Marahaba, maana najua ungeniamkia. Daktari ameacha kuniandikia dawa, nami nimemwelewa. Kabla sijaondoka nakiri jambo nililolificha hata kwa marehemu mke wangu, Kandida: ninaogopa kuelea.

Sisemi ziwani. Nasema kaburini. Kamati yako imeamua kwamba wafu wote wa mjini wazikwe Mchangani, kando ya ziwa, kwa sababu udongo wake ni laini na wachimbaji hawachoki. Mimi nilikuwa mpima udongo mpaka nilipostaafu, na ninalalamika kama ifuatavyo:

1. Mchangani ni mchanga mwembamba uliolala ndani ya maji. Ukichimba hadi kiunoni unayakuta. Mchanga wa namna hiyo humbeba mtu vizuri siku zote isipokuwa siku ya tetemeko. Ukitikiswa, punje zinaachana, maji yanashika madaraka, na kwa muda ardhi inakuwa uji. Kilicho kizito huzama. Kilicho chepesi huibuka.

2. Siku hizi sisi sote ni wepesi. Zamani mtu alizikwa kwa mninga. Jirani yangu Herieli amezikwa mwaka huu katika mbao za masanduku ya chai, na ubavuni pake palisomeka "Weka mahali pakavu". Naye mwenyewe, kwa unga huu tunaogawiwa, hakuwa na uzito wa kutaja.

3. Wenye kibali cha saruji watazama kwa heshima. Mama wa mjumbe mmoja, simtaji, amejengewa kaburi la mifuko sita. Maana yake siku hiyo wakubwa watabaki chini na wanyonge watakuwa juu. Huenda ndiyo siasa yetu inavyotaka, lakini nadhani haikukusudiwa hivyo.

4. Atakayeibuka kabla ya parapanda atakuwa ameruka foleni. Nimepanga foleni ya sabuni, ya mafuta ya taa na ya khanga za Kandida, na sijaruka hata moja. Sitaki kujifunza tabia hiyo nikiwa maiti, mbele ya malaika.

5. Onyo limekwisha kutolewa. Tetemeko la Jumanne iliyopita, lile lililoangusha vikombe, liliacha makaburini vichuguu vidogo vya mchanga wenye maji, kila kimoja na tundu juu. Mlinzi wenu, Sylvesta, alivimwagia majivu akidhani ni mchwa. Nilipomweleza kuwa mchwa hawatoi maji alinijibu, "Mzee, mwaka huu kila mtu anafanya kazi isiyo yake." Huenda, lakini wale si mchwa.

Kwa hiyo naomba nizikwe Bagara, juu ya mwamba, karibu na Kandida, ambaye tangu alazwe pale hajasogea. Kama wachimbaji watahitaji wiki nzima, wasiharakishwe, nitawasubiri. Ikishindikana kabisa, nifungwe miguuni jiwe la kusagia la Kandida, lile kubwa la chini.

Anayeniandikia barua hii ni Hilaria, mke wa mwanangu, maana mkono wangu hautulii. Amecheka mara mbili na kusema, "Baba, hata kaburini unataka kusumbua watu." Anaomba nimalize. Mimba yake imeingia mwezi wa tisa, kigoda hiki hakina mgongo, na Alhamisi anakwenda kulala wodi ya wazazi kusubiri uchungu.

Nisalimie wanakamati wote, Mama Otilia wa dukani, na wachimbaji. Sylvesta naye mwambie majivu ayatunze, sabuni hakuna.

Wako ambaye bado yuko juu ya ardhi,
Anselmi Tluway

Nyongeza: Haya nayaandika kwa mkono wangu, utayasoma kwa shida. Hilaria nimemtuma kwa jirani. Sikuweza kumwambia ayaandike yeye.

Kaburi langu chimbeni popote. Maiti akielea anarudishwa. Lakini wodi ya wazazi imesimama juu ya mchanga uleule, ng'ambo ya uzio wa makaburi, nayo ni ya matofali na zege, ni nzito. Jumanne niliviona vile vichuguu chini ya dirisha lake. Watoeni akina mama pale, Tadeo, muwapeleke hata katika darasa la shule kule Bagara, na iwe kabla ya Alhamisi. Usitafute mtaalamu wa kuthibitisha. Ardhi ya wodi ile niliipima mimi. Saruji ilikuwa imefika, kibali kilikuwa kinaisha, na watu wote walikuwa wananitazama mdomoni. Kipimo chetu ni kupigilia bomba kwa nyundo nzito na kuhesabu mapigo mpaka lishuke futi moja; mapigo yakiwa mengi, ardhi ni imara. Niliandika thelathini.

Sikupiga hata moja. Nilipolisimamisha bomba, lilizama lenyewe.