Jina la Mwenye Wimbo

Jumamosi, 21 Januari 1911. Mpwapwa

Ijumaa ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari, mfalme wa Wadachi, yaani Wajerumani. Kwaya ya misheni itaimba stesheni ya Gulwe, mbele ya Wadachi. Atakayeongoza hajachaguliwa. Ni mimi au Yoramu. Sauti anayo, sikatai. Lakini kwetu Ugogo wimbo hauimbwi kabla mwenyewe hajatajwa jina, na aliyetunga wimbo tutakaouimba ni marehemu Handeli wa Udachini. Yoramu atamtaja vipi? Mdomo ule ni wa kuitia ng'ombe!

Jumatatu, 23 Januari

Padre hutamka Handeli, kinywa wazi kama anapiga miayo. Lakini Padre ni Mwingereza! Jina la Mdachi atalijulia wapi? Nimekwenda Gulwe, jogoo kwapani, kwa Mustapha wa Kondoa, mpishi wa bwana stesheni, Mdachi mwenyewe. Amempokea jogoo, akanifundisha: Hendeli, midomo ibanwe. Bwana wake hutamka hivyo kila akikaa kwenye kinanda. Nimerudi nikibana midomo njia nzima.

Jumatano, 25 Januari

Mazoezi shambani, nikipalilia uwele. Mke wangu Lydia kauliza kama jino linaniuma. Kaniletea mzizi wa kutafuna. Nimetafuna, siri isitoke. Mchungu, jamani! Jioni nimemnong'oneza Padre uongo, kwamba Yoramu amekaukwa koo. Amenichagua mimi. Yoramu kaniletea asali, nisije nikakaukwa koo. Hana hata wivu. Inaudhi.

Ijumaa, 27 Januari

Gulwe. Nimesimama mbele. Nikatamka Hendeli, midomo imebanwa barabara. Bwana stesheni akatabasamu. Padre akakunja uso. Nikaingiwa na hofu, nikarudia: Handeli! Sasa bwana stesheni ndiye akakunja uso. Mara wakashikana kwa maneno wao kwa wao, huyu akipanua kinywa, yule akibana. Kwaya imesimama, jua la utosini. Mbuzi wa watu wakaingia stesheni.

Ndipo Yoramu akasogea mbele, akasema taratibu, "Wimbo huu ni wa mzee wa mbali. Mdomo wa kwao hatuna. Atuwie radhi."

Akaanzisha. Wazungu wakanyamaza. Watu wakaitikia mpaka mabehewani. Mimi niliitikia kule nyuma, kwenye mbuzi. Niliona aibu sana. Na wimbo ulikuwa mtamu, mshenzi yule!

Jumamosi, 28 Januari

Yoramu ataongoza hadi Pasaka. Lydia amemuulizia jogoo wake. Nimemsingizia mwewe.

Nimekaa, nimetafakari, kosa nimeliona. Nilikosea mtunzi! Siku ya Pasaka tutaimba wimbo wa Baha, mtunzi mwingine wa Udachini. Jina hilo lina "a" tupu, Mwingereza na Mdachi wote wanaikubali. Ugomvi uko mwishoni tu, kwenye koo: Mustapha aliwahi kuniambia bwana wake hulimalizia kwa kukwaruza. Kesho naenda Gulwe. Tetea bado yupo.

Tangu asubuhi nakwaruza koo. Lydia amekwenda kuchimba mzizi mwingine.