Hatari Nusu ya Kontena la Tangi

Natangaza kwa wananchi wote, kuanzia Geita hadi Ushirombo, kwamba ajali za mizigo ya kimiminika zimekomeshwa. Zilikomeshwa Jumanne, saa nne asubuhi, kwa kauli moja. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Utulivu wa Vimiminika Vinavyosafiri. Muhtasari niliuandika kwa mkono wangu. Nilianza ngumbaru nikiwa na miaka arobaini, kwa hiyo siachi neno.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Wilbard, aligundua kwamba kontena la tangi likijazwa nusu, na hatari inakuwa nusu. Tulipiga makofi. Ikabaki siku ya uzinduzi: lori litoke Kalangalala, pale Geita, na tangi la maji, lisimame mbele ya jukwaa pale Ushirombo.

Dereva, Mama Elieth, akakataa. Alisema tangi hujazwa likaribie kujaa, au liende tupu.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Nusu ndiyo mbaya. Ukishika breki, lori linasimama, maji yanaendelea na safari."

"Marahaba. Yanaendelea kwa kibali cha nani?"

Mama akaeleza kwamba hata ndoo ya kichwani wanawake huiwekea majani, maji yasicheze. Mwenyekiti alifurahi sana. Akaagiza tawi moja la mpera, likagongwa muhuri, likatumbukizwa ndani ya tangi. Kisha akamwambia mama achague: aendeshe, au arudishe leseni inayolisha watoto wake wanne.

Mama akaomba kitu kimoja tu, fomu ya kiasi cha mzigo isainiwe. Kanuni ya tano, aliyoitunga Mwenyekiti mwenyewe ili kuwabana wapakiaji, inasema: aliyeamua kiasi ndiye atakayenyang'anywa leseni ajali ikitokea. Mwenyekiti akasaini bila kusoma. Wakubwa hawasomi walichokitunga.

Mama aliendesha taratibu kama anapeleka bibi harusi. Uwanjani alipiga honi, watu wakasogea pembeni. Akashika breki. Lori likasimama. Maji hayakusimama. Yalikuja mbele kwa kishindo, yakalisukuma lori hatua tatu, hadi kwenye gari jipya la Mwenyekiti, lililoegeshwa chini ya bango lisemalo "Usalama Kwanza". Hakuna aliyeumia. Gari halina tena uso.

Tulikaa kikao cha dharura palepale. Mwenyekiti alitaka iandikwe kwamba dereva alishika breki bila kuyashirikisha maji. Nikasoma kanuni ya tano, kisha fomu, kisha saini. Askari wa usalama barabarani akanyoosha mkono apokee leseni ya Mwenyekiti.

Mwenyekiti akaniinamia sikioni. "Katibu, mstari mmoja tu. Ufute."

"Mheshimiwa, ngumbaru tulifundishwa kuandika. Kufuta hatukufika."

Alasiri Mwenyekiti akaomba lifti ya lori kurudi Kalangalala. Mama Elieth alikuwa amejaza tangi kwa kiasi anachokijua yeye. Kabla ya kupanda, Mwenyekiti alichungulia kipimo cha tangi, akauliza kwa sauti ya chini kama kweli limejaa.

Amesafiri salama. Tawi la mpera alilipakata mwenyewe.