Nafasi Ishirini za Mitambo ya Upepo

Jumatatu, 4 Agosti
Kiwanda cha milango kimefungwa tangu Mei. Leo mke wangu Lorna kanipa sharti: nisipoingia darasani mwezi huu, nakwenda kufanya kazi kwa kaka yake Gerald. Gerald ana nguruwe elfu nne. Sina ugomvi na nguruwe. Nina ugomvi na Gerald.

Nimejiandikisha chuo cha hapa mjini, ufundi wa mitambo ya upepo ya kuzalisha umeme. Nafasi ishirini tu, na sisi tulioachishwa kazi ni mia tatu!

Jumanne, 5 Agosti
Kwa kinyozi. Curtis Vander Ploeg, tuliyefunga naye bawaba kiwandani miaka tisa, akasema naye kajiandikisha kozi hiyohiyo. Nikamwambia kwa huruma kwamba kozi ile ni hesabu tupu, na mwalimu ana mdomo mchafu. Akauliza nimejuaje. Nikasema nina watu wangu.

Jumatano, 6 Agosti
Chakula cha kanisani, kila nyumba na bakuli lake. Nikazunguka na sahani ya viazi vya jibini. Mama Dykstra, ambaye mwanawe naye kajiandikisha, nilimwambia kijana atashikwa na kizunguzungu futi mia tatu juu ya mnara. Ndugu wawili wa Ruiz, nao wamo kwenye orodha, niliwaeleza jinsi radi inavyoupenda mnara wa mazoezi wa chuo chetu. Mchungaji akanisifu kwamba nawajali wenzangu. Nilishukuru, ila wasiwasi haujaniisha.

Alhamisi, 7 Agosti
Bi Janelle wa usajili kapiga simu. Kozi isipofikisha watu kumi kesho saa kumi na moja jioni, inafutwa. Nikauliza tuko wangapi. Sita! Akasema anashangaa, Jumatatu tulikuwa kumi kamili. Nikasema hata mimi nashangaa. Chakula cha jioni nikakiacha mezani.

Ijumaa, 8 Agosti
Toka asubuhi niko barabarani. Mama Dykstra akanijibu kwamba mwanawe sasa anasomea uuguzi, kazi isiyohitaji kupanda juu. Ndugu wa Ruiz wamekwenda chuo cha kaskazini mwa jimbo, kozi ileile. Curtis nilimkuta anapakia gari, naye anakwenda hukohuko. Nikamwambia kozi ya hapa ni nyepesi na mwalimu ni malaika. Akacheka. Akasema, "Wewe bwana, juzi si ulisema hesabu tupu? Nashukuru lakini, kule nimepata nafasi ya mwisho."

Saa kumi na moja ikafika, kozi ikafutwa. Lorna akampigia Gerald. Gerald akataka kujua navaa buti namba ngapi. Naogopa.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimetandaza ramani ya Iowa mezani na kupigia simu vyuo vyote vya jimbo. Vingine havina kozi hiyo, vingine vimejaa. Kimebaki kimoja, kusini kabisa, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Nao wasipofika kumi wanafuta, na walikuwa tisa. Mimi ndiye wa kumi! Nililia, sioni haya kusema. Lorna akasema sawa, ila kozi hii ikifa nayo, buti ziko mlangoni. Kweli ziko mlangoni. Gerald kazileta mwenyewe.

Jumatatu, 18 Agosti
Siku ya kwanza. Tuko kumi. Mwalimu ni mpole, akasema orodha inafungwa Ijumaa. Kisha akatoa habari iliyonitoa jasho: kuna kampuni itakayomwajiri mwanafunzi mmoja, yule bora.

Aliyeketi jirani yangu ni mama mmoja aitwaye Peggy Sorensen. Kila swali anajibu yeye, tena bila kutazama karatasi. Wakati wa kahawa akaniuliza kama najua lolote kuhusu kazi yenyewe. Maskini, nimfiche? Nikamweleza kizunguzungu. Nikamweleza radi. Akabadilika rangi, akachukua mkoba, akaulizia ofisi ya usajili iko wapi. Nilimsindikiza mpaka mlangoni.

Tumebaki tisa. Leo, kwa mara ya kwanza tangu Mei, nimekula nikashiba.