Nusu Saa ya Damari

Jumatatu, 1 Machi 1954. Itigi.
Damari anaondoka Ijumaa! Kaka yake Gasto amemwita Tabora akamlelee watoto. Ameniambia huku akinimiminia uji, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Nikajibu kwamba Tabora kuna asali nzuri. Asali! Kana kwamba Itigi haina. Mwaka wa pili huu nafuta taa za stesheni, na muuza uji huyu ndiye mtu pekee anayeniuliza kama nimelala salama. Kumwambia abaki siwezi, ulimi unaganda. Basi lazima akose treni.

Jumanne, 2 Machi.
Nimemdodosa Fabiano, karani wa simu, habari za saa ya banda la abiria. Anajua kila kitu, na hujisikia. Kasema ndani mna sumaku inayozunguka katikati ya waya uliosokotwa. Kila dakika saa kubwa ya ofisini inaleta umeme, sumaku inapiga hatua moja, mshale unasogea. Dakika inayofuata umeme unakuja kinyume, hatua nyingine. Nikamuuliza, je, nyaya zikigeuzwa saa itarudi nyuma? Akacheka, akaenda kula. Hakunikaribisha. Kucheka si jibu.

Jumatano, 3 Machi.
Nimegeuza nyaya. Hairudi nyuma! Imegoma dakika moja, kisha ikaendelea mbele kama kawaida. Nikafikiri sana pale juu ya ngazi. Umeme ulikuja vilevile kama uliopita, sumaku haikuona sababu ya kuondoka. Kumbe kila nikigeuza naiba dakika moja! Mimi ni mtu hatari.

Ijumaa, 5 Machi.
Asubuhi nilipanda ngazi na bisibisi. Kila dakika nageuza, nageuza, mpaka nikapata nusu saa. Mikono ilikufa ganzi. Nikarudi chumbani, ng'ambo ya reli, kupiga shati pasi. Mpango: Damari aikose treni, nimkute amenuna, nimfariji. Dirishani naiona saa vizuri. Treni ikapiga honi. Nikatazama saa, bado nusu saa. Nikasema hiyo ni ya mizigo.

Nikafika nimenyooka. Hakuna mtu! Itigi nzima hakuna anayeitazama saa ile. Watu huja wakiona moshi. Anayeiamini ni mimi peke yangu.

Fabiano, safari hii bila kujisikia, amesema Damari alisimama nje mpaka filimbi ya mwisho, akaacha neno: "Mwambie Melkiori nilimngoja aniambie nisiende. Labda nitarudi mavuno yakiisha."

Kisha akaniuliza kwa nini sikuchomoa tu waya mmoja nikaenda zangu. Nimelala bila kula, na hakuna aliyeuliza. Inauma.

Jumapili, 7 Machi.
Stesheni imekuwa kubwa mno. Uji anauza mama mwingine, mwenye haraka.
Nimetafakari, nikaliona kosa langu. Niliichelewesha saa, wakati ilitakiwa kusukumwa mbele! Nimepata betri kuukuu za simu. Nagusisha nyaya hivi, sumaku inapiga hatua. Nageuza, hatua nyingine. Siingoji tena ofisi. Mishale inakimbia! Mavuno yanaisha mwezi wa saba. Nikianza kesho alfajiri, kwa bidii, nitamfikia Damari kabla ya Pasaka.