Dereva Aliyefungiwa Mdomo

Jumamosi, 3 Mei

Nafasi ya kumi na moja. Nilikuwa wa nne mpaka Malvestiti, dereva wa timu pinzani, aliponisukuma kwenye kona ya tatu, gari likaenda kulima majani. Waamuzi wanne wamekaa mbele ya skrini ishirini na hawakuona kitu. Nikasema kwenye redio ya helmeti, kwa faida ya fundi wangu Nerio peke yake, kwamba mwamuzi mkuu, Dakta Tassinari, angeshindwa kuona treni ikipita sebuleni kwake. Nikaongeza mawili matatu kuhusu mama mkwe wake. Ambaye simjui.

Nilisahau kwamba mwaka huu televisheni inasikiliza redio zetu.

Sijavua hata glavu, barua ya wito ikaja. Kikao cha nidhamu, Jumanne, Bologna. Bi Ivonne, mwenye timu, ana miaka sabini na mmoja na hapandishi sauti. Afadhali angepandisha. Alisema nikiwataja waamuzi tena kabla ya Jumanne, gari anampa Samuele, dereva wa akiba. Nina miaka arobaini na miwili. Hakuna timu nyingine itakayonipigia simu. Najua mimi, na yeye anajua.

Nimeapa kunyamaza.

Jumapili, 4 Mei

Asubuhi nilijibandika utepe mweusi mdomoni mbele ya waandishi wa habari. Kimya chenye hadhi! Walinipiga picha dakika kumi nzima, na sitasema uongo, nilifurahi. Kumbe ipo kanuni: dereva haonyeshi msimamo wowote uwanjani bila kibali, na kibali kinaombwa kwa maandishi wiki nne kabla. Kosa la pili. Utepe wenyewe ni ule wa Nerio wa kufungia mabomba. Uliondoka na nusu ya sharubu zangu.

Mchana, mpango mwingine. Maneno ya siri. Nikakubaliana na Nerio kwamba nikisema "maharage", Malvestiti ananisukuma. Nikisema "supu", waamuzi ni vipofu. Nerio aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Nerio ana sikio moja tu linalofanya kazi, na sikuangalia nilikuwa nimesimama upande gani.

Mzunguko wa sita, Malvestiti akanigonga tena. Hakuna adhabu. Nikasema kwa utulivu kabisa kwamba leo kuna supu nyingi sana. Nerio akaniita ndani haraka, kwenye kituo cha mafundi. Nikadhani ameona tairi linavuja, nikaingia. Wanaume wanne wakanifungia matairi ya mvua. Jua lilikuwa likiwaka, hakuna wingu hata moja Romagna nzima.

Nilimaliza wa mwisho. Malvestiti alishinda.

Baadaye nilimuuliza Nerio supu maana yake nini.

"Mvua," akasema.

"Na waamuzi vipofu?"

Alifikiri. "Hao si maharage?"

Jumanne, 6 Mei

Bologna. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa nne kuhusu uhuru wa dereva kusema. Bi Ivonne aliichukua mkononi mwangu ndani ya gari, akaikunja, akaitia mkobani. Akaniambia nina maneno matatu tu ya kusema: "Naomba radhi, Mheshimiwa."

Dakta Tassinari ni mtu mwembamba, mpole, mwenye miwani nene kama sahani. Aliifuta kwa muda mrefu kabla ya kunitazama. Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu. Nikaomba radhi.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Edoardo Malvestiti. Miaka ishirini na sita, Mmilano, nywele kama zimepigwa pasi. Hakuitwa na mtu. Alikuja kunitetea! Alisema mtu aliye ndani ya helmeti kwenye mwendo ule bado ni binadamu, na kwamba dereva akiadhibiwa kwa kila neno, siku moja ataona mafuta yamemwagika njiani na hatasema.  Hayo yalikuwa ukurasa wangu wa pili. Yeye aliyasema vizuri zaidi.

Badala ya mbio tatu walizokusudia nimefungiwa moja, nami siku hiyo nitafanya kazi ya kushika bendera kando ya njia, nijifunze heshima. Nje, waandishi walikuwa tayari wanamwita Malvestiti sauti ya madereva. Alinishika bega.

"Usijali, kaka Loris. Mimi nitakuwa nakusemea."

Hata aliponitupa majanini sikumchukia hivi.

Ijumaa, 9 Mei

Sina la kuandika. Dada yangu Dirce ameleta lasagne, tambi za kuoka. Akauliza kama nimewahi kufikiria ile kazi ya kufundisha udereva mjini Forlì. Nikasema hapana. Akaosha vyombo, hakuuliza tena.

Nimefikiria. Kila siku tangu Machi.

Jumapili, 18 Mei

Toscana, kona ya tisa, fulana ya rangi ya machungwa. Saa nne nzima juani. Mkuu wa kituo ni Bi Fosca, mwalimu mstaafu anayefanya kazi hii bila malipo kwa sababu anaipenda, jambo ambalo sikuweza kulielewa. Alinipa mkate wenye jibini na bendera ya njano. Nikagundua kwamba kutoka kandoni huoni karibu kitu. Rangi, vumbi, kelele, basi.

Mzunguko wa kumi gari moja liliteleza kokotoni. Nikapunga njano: hakuna kupita mtu. Gari langu, likiendeshwa na Samuele, likampita mtu. Au lilikuwa vumbi. Bi Fosca aliuliza kama nina hakika. Niliwaza: Samuele akiadhibiwa, gari linarudi kwangu. Nikasema nina hakika. Nikaandika kwenye fomu ya makosa.

Mbio zilipokwisha Samuele alikuja kituoni kwa miguu, akaniambia mbele ya watu wote kwamba hata ng'ombe angeshika bendera vizuri kuliko mimi.

Masikio yaliniwaka moto. Nikaomba fomu ya pili, ya kutukana maofisa. Bi Fosca alinisihi nimwache, kijana ana hasira, itakwisha. Nikamweleza kwamba uhuru wa kusema una mipaka yake. Niliandika kurasa mbili, mbele na nyuma, nikapendekeza afungiwe mbio tatu.

Saa kumi na mbili jioni Bi Ivonne alipiga simu. Samuele alikuwa amemaliza wa pili. Kikombe cha kwanza cha timu kwa miaka sita, na sasa tumenyang'anywa kwa sababu ya ripoti yangu. Aliniuliza kama nilikuwa na akili timamu. Nikasema nilifanya kazi yangu.

"Basi endelea nayo," akasema.

Hakukata simu. Nilisikia anapumua. Mwishowe akasema niende ofisini Jumatano tuongee, labda kuna njia, na mpaka wakati huo nisimwambie mtu yeyote kitu chochote.

Nilikaa juu ya tairi nikiwa karibu kulia.

Sasa hivi amenipigia simu mwandishi wa gazeti la michezo. Anataka kujua ninavyomwona Bi Ivonne kama mwajiri. Nimemwambia aje kesho saa tatu asubuhi, na alete betri za akiba za kinasa sauti.