Disketi Iliyomrudisha Beatus

Jumatatu, 3 Machi 1997. Ifakara.
Mvua. Mkuu wetu, Bwana Sylvanus, anataka maktaba moja ya programu za sensa ya mradi, yaani fungu la vipande ambavyo programu zote huazima, itumike kwenye kompyuta zangu mpya na zile za zamani za mwenzangu Odilia. Atakayemaliza kwanza ataenda kozi Dar. Odilia anasema kila mashine itumie kompaila yake, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, kisha tujaribu. Mwoga huyo. Nitaijenga mara moja kwenye mashine yangu, nimpe kwenye disketi.

Jumanne, 4 Machi.
Programu ya Odilia imeipokea bila kunung'unika. Nimepewa mkono na mkuu. Odilia akauliza kama nimeijaribu kwa majina ya kweli. Nikamjibu jina ni jina.

Alhamisi, 6 Machi.
Katarina, mdodosaji wetu mgeni, alikwenda kijiji cha Kivukoni na karatasi kutoka mashine ya Odilia. Iliandikwa kwamba Beatus, mtoto wa Mama Balbina, yu hai. Mto ulimchukua mwaka jana, hakuonekana tena. Katarina hakujua. Akapiga hodi, akamuulizia.
Mama hakulia. Alisema, "Kumbe hata ninyi mmesikia amerudi? Kaa, anaoga uani."
Katarina anaapa alisikia maji yakimwagwa.

Ijumaa, 7 Machi.
Odilia amegundua. Kompaila yangu huacha nafasi kati ya taarifa na taarifa, yake hubana. Programu yake ikitafuta neno "amefariki" inachungulia pembeni, na isipolikuta humhesabu mtu kuwa hai. Marehemu wote wa bonde wamefufuka. Nimemwambia kosa ni la kompaila yake, imezeeka. Mkuu ameniamuru nikaombe radhi Kivukoni. Mimi, si Odilia.

Jumamosi, 8 Machi.
Jua kali. Nikamwamkia Mama Balbina shikamoo, akanikaribisha mkekani. Sahani mbili za wali na samaki. Yake haijaguswa. Ya pili tupu, na mkeka upande ule umelowa chapa.
Nikaeleza habari za kompaila kwa kirefu. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, usimrekebishe."
Maji yakamwagika uani. Sikugeuka. Niliondoka na kiatu kimoja, kingine nikakivaa barabarani.

Jumatatu, 10 Machi.
Odilia amejenga upya, kila mashine na kompaila yake, akajaribu kutwa. Marehemu wote wamerudi kuwa marehemu, isipokuwa Beatus. Yu hai kwenye mashine zote mbili. Odilia aliniuliza taratibu kama nimegusa kitu. Sikugusa. Akazima kompyuta, akaenda kukaa nje juani, na kozi akaniachia bila ubishi.
Ushindi, basi.
Jioni mkuu ameuliza nani anaweza kutengeneza maktaba ya majibu ya vipimo vya malaria, kwa mashine zote. Nimekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kesho asubuhi itakuwa tayari. Nitaijenga kwenye mashine yangu tu. Kujaribu kunachelewesha watu.