Fuawe Mia Mbili na Tiketi Moja

Jumatatu, 5 Januari

Miaka mitatu, miezi miwili na siku kumi na moja tangu niondoke nyumbani. Leo nimepandisha vigae ghorofa ya tisa kwa mabega. Lifti ya mizigo mbovu. Nyapara anasema fundi wa lifti yuko njiani. Yuko njiani tangu Agosti.

Habari kubwa: nyapara ametia saini likizo yangu! Nimeishika ile karatasi mpaka imelowa jasho. Tatizo ni tiketi. Kampuni humlipia mtu akitimiza miaka mitano, na binti yangu hawezi kunisubiri miaka mitano. Anaanza darasa la kwanza Jumatatu, tarehe 19. Nilimwacha hajui kuvaa viatu. Nimemwahidi kwa mdomo wangu kwamba nitamshika mkono hadi mlangoni mwa darasa. Nisipofika atapelekwa na mjomba wake, yaani shemeji yangu, mtu ambaye hajawahi kuwahi popote isipokuwa mezani. Ndege ya mwisho ya kunifikisha ni ya Ijumaa, tarehe 16.

Lakini nina mpango. Mwenzangu mpaka rangi, anayelala kitanda cha chini ya changu, mwaka jana alikwenda kwao kwa tiketi aliyoipata kwenye mchezo wa simu. Kweli kabisa. Unaitwa Milki ya Majivu. Watu maelfu wanaingia kwa pamoja, huyu askari, yule mganga, wanapigana vita vya kubuni na kuuziana silaha na dawa kwa dhahabu ambayo haipo. Halafu muuza laini za simu wa pale kona anachukua dhahabu isiyopo na kukupa pesa zilizopo. Sijaelewa. Sina haja ya kuelewa. Dhahabu elfu nane ni tiketi.

Mimi huucheza kidogo kidogo tangu Oktoba. Mtu wangu mle ndani anaitwa Bwana Bei. Ana masharubu, mimi sina. Ana dhahabu elfu moja na mia mbili na panga tano kuukuu.

Mapumziko ya mchana nimemsimamisha katikati ya soko, nikaita wateja kama shangazi yangu alivyokuwa akiita wateja wa mitumba. Panga, panga, njoo ushike, kushika bure. Nimeandika hivyo mara themanini. Mara ya themanini na moja mchezo ukanifunga mdomo hadi kesho. Sababu: kelele. Kelele! Na simu yenyewe nilikuwa nimeizima sauti.

Jumanne, 6 Januari

Nimepata akili nikiwa ngazi ya ghorofa ya sita, marumaru begani.

Miaka mitatu nabeba vitu vya watu. Ninachokijua duniani ni hiki: kitu cha thamani huumiza mgongo. Marumaru ni ghali. Sponji ni rahisi. Nani aliwahi kuona sponji imefungiwa kwa kufuli?

Kwa hiyo mchana nimepekua soko zima la mchezo nikitafuta kitu kizito kuliko vyote. Nimekipata. Fuawe! Lile pande la chuma ambalo mhunzi hupondea vyuma vyake. Uzito wake mara ishirini ya upanga, na bei yake dhahabu kumi na tano tu. Watu wamekalia mali hawajui. Nimenunua arobaini palepale, kabla hawajazinduka.

Jioni: Bwana Bei hatembei. Mzigo umezidi nguvu zake. Amekwama kwenye lango la soko, magoti yamepinda, jasho linamtoka hadi kwenye masharubu. Nimemwonea huruma, maana najua hali hiyo. Sitatupa hata fuawe moja.

Wauzaji wengine wameanza kunitumia kama alama. Nimesoma kwa macho yangu tangazo la mwanamke anayeuza kofia: anapatikana mkabala na yule mzee aliyekwama. Ameuza kofia zote. Mimi sijauza kitu.

Alhamisi, 8 Januari

Mpaka rangi ameniona nimeinamia simu, akauliza Bwana Bei anangoja nini pale langoni siku ya tatu. Nimemweleza siri ya uzito. Halafu amenifundisha kazi, na lazima nikiri alifundisha vizuri, huku anasugua rangi kwenye kucha kwa mafuta ya taa.

Alisema usiuze ulichonacho, uza anachokihitaji mtu leo. Kesho jioni kuna vita vya darajani, vikosi viwili, na yeye mwenyewe ndiye kamanda wa kimoja. Watu watahitaji dawa za majeraha. Nunua leo zikiwa rahisi, fungasha tanotano, maana hakuna anayetaka kuhesabu wakati wa vita. Andika dawa inafanya nini. Ziweke sokoni saa moja kabla, wakati watu wana haraka. Na usipige kelele.

Nimemsikiliza kwa heshima zote. Ila kuna jambo hakuliona, na ndiyo tofauti ya mpaka rangi na mfanyabiashara. Mteja anapenda nyongeza.

Nimetumia dhahabu yangu yote kununua dawa. Nimefunga vifurushi arobaini, chupa tano kila kimoja. Na ndani ya kila kifurushi, bila kutangaza, maana zawadi ikitangazwa inapoteza ladha, nimetia fuawe moja.

Ijumaa, 9 Januari

Vyote vimekwisha kwa nusu saa! Arobaini! Bwana Bei ametembea! Alizunguka soko lote bila sababu, kama mtu aliyevua buti.

Baada ya hapo vita vikaanza. Nilikuwa juu kitandani naangalia. Mpaka rangi alikuwa chini yangu anaamuru kikosi chake kwa sauti ya upole. Wasogee. Wafungue dawa. Wakafungua.

Sikujua kwamba kifurushi kikifunguliwa, kilichomo chote kinaingia begini mara moja. Sikujua kwamba wakati wa vita hakuna ruhusa ya kutupa kitu. Tena sikujua kwamba wateja wangu wote arobaini walikuwa wa kikosi kimoja, kwa sababu mpaka rangi, kwa wema wake, ndiye aliyewaelekeza kwangu.

Askari arobaini, ambao silaha zao tayari zilikuwa zimefika ukomo wa uzito, wamekwama juu ya daraja, magoti yamepinda. Adui hakuharakisha hata kidogo. Wengine walikuja kutazama kwanza, ndipo wakapiga.

Kichwa cha mpaka rangi kikachomoza taratibu ukingoni mwa kitanda changu.

"Ulitia nini mle?"

"Nyongeza."

"Ndugu yangu," alisema, "mimi nalala chini yako. Usingeniuliza tu?"

Akarudi chini, akageukia ukuta.

Jumapili, 11 Januari

Hakuna anayenunua kwangu. Nimeweka dawa kwa nusu bei, watu wananiandikia kuuliza kuna nini ndani. Nikijibu hakuna kitu, ndiyo wanakimbia kabisa.

Mpaka rangi ananisalimu kwa kidevu.

Nimepiga simu nyumbani. Mke wangu ameniuliza tiketi imefikia wapi. Nimemwambia mambo yanakwenda. Sikusema yanakwenda upande gani. Amesema shemeji ameshonesha suruali mpya ya kumpelekea mtoto shule, ikiwa nitachelewa. Suruali! Mtoto ndiye anaanza shule, yeye anashona suruali!

Binti yangu alichukua simu, akaniuliza kama nikifika nitamjua. Nimemwambia nitamjua hata akiwa katikati ya watoto mia. Akasema basi atanyoosha mkono juu, ili nisihangaike.

Nimeshuka uani, nikakaa kwenye ndoo ya saruji. Siku tano zimebaki.

Jumanne, 13 Januari

Nimefufuka!

Ujumbe umeingia saa nne asubuhi, nikiwa na boksi la vigae kichwani. Unatoka kwa Bibi Kisu, kamanda wa kikosi kilichoshinda darajani. Huenda ni mwanamume mwenye ndevu, hainihusu. Ananipongeza. Anasema tangu aanze kucheza hajaona silaha kama ile. Anataka fuawe mia moja, azigawe kama zawadi kwa maadui zake wote kabla ya vita vya wiki hii, na atalipa themanini kwa kila moja.

Themanini! Mimi nilinunua kumi na tano! Nani alisema uzito hauna thamani? Nimekwenda msalani, nikajifungia, nikanunua mia kwa dhahabu ya vile vifurushi, nikamkabidhi. Nyapara aligonga mlango mara mbili. Nilimwambia tumbo.

Dhahabu elfu nane na mia tatu. Tiketi!

Jioni nimemwonyesha mpaka rangi. Alisahau kununa. Alisema jambo moja tu, na alilisema huku amenishika bega: "Kabadilishe leo. Si kesho. Watu wamelalamika kwa wenye mchezo, hawatakaa kimya."

Nikatoka mbio hadi kona. Kwa muuza laini kulikuwa na foleni ya watu sita. Watatu. Wawili. Mbele yangu amebaki mama mmoja anayerudisha chaja, simu ikatetemeka mkononi. Bibi Kisu. Anataka fuawe mia mbili zaidi, kufikia Alhamisi.

Nimepiga hesabu palepale. Elfu kumi na sita. Hiyo ni tiketi ya kwenda na tiketi ya kurudi, na kusema kweli nitarudije kazini nilikuwa sijafikiria. Muuza laini akaniita, akasema mzee, zamu yako. Nikamwambia nimesahau kitu nyumbani.

Fuawe zimepanda hadi arobaini, kwa sababu kuna mjinga fulani alinunua mia asubuhi. Nimechukua mia mbili. Imebaki dhahabu mia tatu. Bwana Bei amekwama tena langoni, lakini safari hii amekwama kama tajiri.

Alhamisi, 15 Januari

Wenye mchezo wamebadilisha kanuni. Tangazo limetoka mchana, sentensi moja, na walikuwa na nafasi ya kutosha ya kunihurumia, hawakufanya hivyo. Kuanzia leo fuawe ina uzito wa jani.

Sikuamini. Nimefungua mchezo. Bwana Bei amebeba fuawe mia mbili na anarukaruka.

Nimemwandikia Bibi Kisu kwamba mzigo wake uko tayari. Amejibu hahitaji tena, ananitakia kila la heri, babu. Nimeziweka sokoni kwa arobaini. Ishirini. Kumi. Mbili. Mtu mmoja alinunua moja, halafu akaniandikia kuuliza kama anaweza kuirudisha.

Jioni mpaka rangi aliweka kikombe cha chai kando ya mto wangu, sukari tele, jinsi ninavyopenda. Hakusema "nilikuambia". Ningefurahi zaidi angesema. Alikaa ukingoni mwa kitanda chake, akaniambia tuuze dawa pamoja, tanotano, bila nyongeza. Faida ndogo, lakini kila wiki ipo. Kwa mwendo huo, Aprili nina tiketi.

Nimemuuliza kuhusu Jumatatu. Akatazama buti zake. Jumatatu haipo, alisema.

Jumamosi, 17 Januari

Ndege iliondoka jana mchana. Nilikuwa ghorofa ya tisa, boksi begani. Ilipita ndege moja juu, huenda si ile. Niliisindikiza kwa macho hadi nyapara aliponiuliza kama nimeajiriwa uwanja wa ndege.

Karatasi ya likizo ameirudisha kwenye droo. Amesema haiozi.

Leo nimepiga simu nikamwambia mke wangu ukweli wote, fuawe na daraja na foleni. Halafu akauliza, "Ulikuwa nazo mkononi?" Nikasema ndiyo. "Na mbele yako mtu mmoja tu?" Nikasema ndiyo, anarudisha chaja. Akasema ngoja ampe mtoto simu kabla hajasema neno.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yalipotea yote. Nilimwambia tu kwamba baba hatafika Jumatatu, atakwenda na mjomba. Nikangoja kilio. Hakikuja. Nilimsikia anapumua kwenye simu, anafikiri, kama mtu mzima anayetafuta namna ya kumwokoa mwenzake.

"Basi," alisema, "mjomba anipeleke darasa la kwanza. Wewe utanipeleka la pili."

Nikakohoa kusingizia vumbi. Akaniambia nisisahau, la pili ni langu, mjomba asilichukue.

Nimeshuka uani, nikakaa kwenye ile ndoo, nikalia kidogo, nikanawa uso. Nikaanza kufikiri kwa utulivu. Mwaka mzima! Mtu mwenye mwaka mzima anaenda kuuza chupa tanotano kama muuza pipi? Nimemshukuru mpaka rangi, nikamwambia abaki na dawa zake. Nyapara mmoja ananitosha.

Maana nimelisoma tena lile tangazo, neno kwa neno. Limetaja fuawe tu. Mawe ya kusagia hawakuyagusa! Jiwe moja la kusagia lina uzito wa fuawe tatu za zamani, na soko zima linalidharau. Kwa dhahabu mia tatu iliyobaki nimepata hamsini. Bwana Bei amekwama langoni, yule mwanamke wa kofia ameshahamia karibu naye, na jioni hii nimemwandikia Bibi Kisu.

Nategemea kufika nyumbani Januari ijayo, kabla ya darasa la pili kufunguliwa. Mawe yakienda vizuri, Machi ya mwaka huuhuu.